Sindano za Jumamosi

Jumatatu, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiyo hiyo nimeambiwa sina kitu.

Dada wa maabara alinisomea jibu bila kuniangalia usoni. "Hakuna mbegu iliyoonekana." Nikamuuliza, yaani ni chache? Akasema, "Kaka, chache ni chache. Hapa hakuna." Akaniuliza kama nina swali lolote. Nilikuwa nayo mia. Nikasema sina, nikamshukuru, nikatoka. Mtu anakwambia ukoo wako umeishia kwenye kikombe cha plastiki, na wewe unamjibu asante.

Mke wangu hajui kama nilikwenda. Tumeoana Septemba, na tangu mwaka uanze amekuwa akinitazama kila mwezi kwa macho ya kuuliza, kisha anayashusha. Nilikwenda kupima ili nipate la kumwambia. Sasa ninalo, na siwezi kulisema.

Sababu naijua. Kazi yangu ni kupiga picha vyuma. Mabomba yakishaunganishwa, tunakuja sisi na punje ya madini yenye mionzi, ndogo kama punje ya mchele, iliyolala ndani ya chungu kizito cha chuma. Tunazungusha mpini, punje inatoka kupitia bomba jembamba mpaka kwenye maungio, filamu inashika picha, tunaona kama kuna ufa, kisha tunairudisha ikalale. Kila mmoja wetu anavaa beji kifuani. Beji haizuii kitu, inahesabu tu mionzi uliyokula. Novemba jibu la beji yangu lilikuja limepita kiwango, na kupita kwenyewe si kwa kidogo. Ofisi ya usalama ikaniketisha stoo mpaka mwaka ulipoisha. Wakaniambia, "Usiwe na wasiwasi, utakuwa sawa." Waliosema hivyo wote walikuwa na watoto.

Naandika kwa sababu jambo hili nikilimeza litanipasua.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda, upande wangu. Tumeweka ndoo.

Jumamosi, 14 Machi

Sindano.

Hili nalo nilieleze. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana ukumbi wa mazoezi nyuma ya karakana ya magari. Kila mtu anamwita Kifua, na ukimwona huulizi kwa nini: mlangoni anapita kiubavu. Novemba ile nilipotolewa kazini, nje ya wenzangu wa kazi yeye ndiye mtu pekee niliyemwambia habari ya beji. Hofu yangu sikumwambia, ila aliiona mwenyewe. "Shemeji," akasema, "mionzi inamaliza uanaume. Lazima uurudishe." Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi nalala kifudifudi kwenye benchi lake, ananichoma takoni mafuta ya homoni ya kiume. Hataki hata asante. Anasema mume wa dada yake ni damu yake.

Leo nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama dawa hii inasaidia pia mambo ya uzazi.

"Hii ndiyo yenyewe!" akasema. "Homoni ya kiume inatoka wapi? Kwenye korodani. Mtoto anatoka wapi? Kwenye korodani hizo hizo. Sasa ukiongeza huku, kule kutapungua vipi?"

Niliona hesabu imenyooka. Nikavuta suruali, nikatoka kifua mbele. Njiani nikambebea jirani gunia la saruji bila kuombwa, akabaki ameduwaa.

Jumatano, 18 Machi

Leo mvua ilipumzika tukaingia kazini. Mwenzangu ni mama mmoja tunayemwita Dada Mita, kwa sababu ndiye anayetangulia na mita ya mionzi, kile kidude kinacholia tik-tik. Ana watoto wanne na mdomo wa kuwatosha wote.

Tuna sheria moja isiyovunjwa. Mwenye mpini anaita, "Natoa!" Hazungushi mpaka mwenye mita aitike, "Salama, toa!" Huenda yuko nyuma ya bomba, huenda kuna mtu amevuka kamba ya tahadhari. Usipoitikiwa, mkono unabaki kwenye mpini na unaita tena. Hata uwe na haraka gani, unaita tena.

Leo niliita, akaitika, na mkono wangu ukagoma.

"Fundi! Umesinzia?"

"Mpini umekaza."

Haukukaza. Nilizungusha nimebana mapaja kama mtoto aliyebanwa na mkojo. Ile punje ilipotoka nilihisi baridi tumboni, ingawa najua mionzi haina baridi wala moto. Dada Mita aliniona. Hakusema kitu, na Dada Mita akinyamaza ujue kuna jambo.

Jumamosi, 21 Machi

Sindano. Mvua.

Jumapili, 22 Machi

Shangazi amekuja. Nyumba yake imeingia maji, atakaa nasi mpaka masika yapite. Ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, na sijawahi kumkatalia kitu.

Kabla hajamaliza chai akamtazama mke wangu tumboni. "Mwanangu, mbona uko vile vile?"

"Ah, shangazi," mke wangu akacheka, "kijana wako hanilishi nikanenepa."

Tukacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Ijumaa, 27 Machi

Mke wangu anafanya kazi kwenye duka la miwani, anasaga vioo mpaka vikae sawa kwenye fremu. Jicho lake halipitwi na kitu. Asubuhi nikivaa shati akasema, "Mgongo wako umejaa chunusi. Unabalehe upya?"

Ulikuwa utani. Nilimfokea. Nikafoka mpaka shangazi akatoka jikoni, na nilipogeuka nikaipiga chupa ya chai ikaanguka ikavunjika. Mimi si mtu wa kufoka. Utotoni waliniita Maji ya Mtungi kwa upole wangu. Mke wangu aliokota vipande polepole bila kuniangalia, na mimi nikasimama pale napumua kama niliyekimbizwa.

Jambo jingine naliandika hapa tu. Bafuni nilijishika. Zimepungua. Zamani zilijaa kiganja, sasa nazitafuta. Beji ilisema kweli, na mionzi haijamaliza kazi yake. Inanila ndani polepole kama mchwa kwenye fremu ya mlango, na siku nitakayoegemea nitaanguka. Naogopa. Nimeandika neno hilo nikalifuta, nimeliandika tena.

Jumamosi, 28 Machi

Sindano. Nimemwomba Kifua aongeze. Ameongeza.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua tangu usiku haijakatika. Ndoo inajaa, tunamwaga, inajaa.

Shangazi ameleta chupa ya majani machungu, ya kusafisha tumbo la uzazi. Alimpa mke wangu kikombe mbele yangu. Alikunywa chote amefumba macho, kisha akakimbilia uani. Nilimfuata na beseni. Nilimshika mabega akatapika, akajifuta, akaniambia kwa sauti ndogo, "Kesho nitakizoea."

Pale ndipo pa kusema. Neno lilifika mdomoni kabisa. Halafu nikamwona akilisikia, nikaona atakavyonitazama kuanzia hapo mpaka kufa kwangu, nikamwambia apumzike.

Jioni shangazi akanivuta pembeni. "Baba, mwanamume hana kasoro. Mwaka ukiisha hivi hivi, nitakutafutia wa pili. Huyu hatumfukuzi, ana adabu."

Nikamwambia, "Shangazi, tuache hayo." Sikusema zaidi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Akapita katikati yetu akaiweka mezani taratibu.

Jumamosi, 4 Aprili

Sindano.

Jumatano, 8 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Mvua ya leo ilichana bati la chumba chetu cha kubadilishia nguo. Maji yakawa yanamwagikia ovaroli zetu, zinazotundikwa kwenye misumari ukutani, nikawa nazihamisha moja moja. Dada Mita akaingia mbiombio kukwepa mvua, mita yake mkononi, hajaizima. Ilikuwa inalia moja moja kama kawaida. Akapita kwenye msumari wangu, ikalia kama vitunguu vilivyotupwa kwenye mafuta.

Akarudi nyuma, ikatulia. Akasogea, ikalia.

"Msumari huu wa nani?"

"Wangu."

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Tulijua wote wawili. Ni chumba tunachohifadhia vyungu. Tukazunguka kwa tahadhari na mita mbele. Chungu kimoja kilikuwa kimesukumwa mwisho wa rafu mpaka kikagusa ukuta, na pale kilipogusa saruji ilikuwa imebomoka kati ya tofali na tofali. Kwa upande wa pili, mbele ya ufa ule, ndipo kilipokuwa kifua cha ovaroli yangu.

Dada Mita akaninyooshea kidole. "Septemba ulikwenda kuoa. Likizo ya mwezi mzima. Ovaroli uliiacha wapi?"

"Hapa."

"Na beji?"

Beji inatakiwa irudishwe kwenye ubao wa ofisini kila mtu anapoondoka. Hilo analijua hata mfagiaji. Lakini siku ile nilikuwa na haraka ya kuoa.

"Kwenye ovaroli," nikasema.

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka machozi. "Basi beji ilikuwa inakula mionzi, wewe unakula fungate! Miezi yote hii umebana mapaja kwa ajili ya msumari!"

Nikacheka naye. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu swali lilikuwa limekuja. Sijui ni kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa kuwa kila siku ndiye anayeniitikia. Nikasema, "Dada, kama si mionzi, mbona nimepima nikakutwa sina mbegu hata moja?"

Akaacha kucheka. Mvua ikawa inapiga bati.

"Umemwambia mkeo?"

"Sijamwambia."

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Nenda hospitali kwa daktari wa mambo haya, usiishie kwenye maabara za uchochoroni. Na umwambie kila kitu, hata usichoulizwa."

Kisha akafunga kamba mbele ya ule ukuta na kuwaita watu wa usalama.

Alhamisi, 9 Aprili

Chungu kimehamishwa, ukuta unazibwa. Mkuu wa usalama amenipa mkono na kusema nifurahi. Mionzi nilikuwa naijua, ina jina na ina mita. Sasa nimeachwa na kitu kisicho na jina. Labda nilizaliwa hivi. Labda nilioa mtoto wa watu nikiwa mtupu tangu mwanzo.

Jumamosi, 11 Aprili

Sindano. Kifua amesema, "Kama si mionzi basi ni udhaifu tu. Tunapiga mbili."

Jumamosi, 18 Aprili

Sindano, mbili. Mke wangu ameacha kuuliza ninakokwenda Jumamosi. Hilo nalo linanitisha.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekwenda hospitali kubwa. Daktari ni mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Akanipima sehemu zote, hata zile. Akaniuliza kama nimewahi kuumwa matumbwitumbwi, kuumia, kupasuliwa. Nikamsimulia beji na msumari. Akasema hata kama ningekula kiasi chote ambacho beji ilionyesha, kisingetosha kunikausha namna hii.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

Sikudanganya, wallahi. Akilini mwangu dawa ni ya mgonjwa, na ile ilikuwa nguvu. Akatazama mabega yangu, akatazama chunusi shingoni, akaandika. Wamenitoa damu. Nirudi Ijumaa.

Ijumaa, 24 Aprili

Nitajaribu kuyaandika kama alivyoyasema, maana mwenyewe bado siyaamini.

Aliniuliza tena, "Baba, unajichoma nini?"

Nikakumbuka maneno ya Dada Mita, nikasema. Kila Jumamosi, tangu Novemba, kwa shemeji, ili kurudisha uanaume.

Hakunikaripia. Bora angenikaripia. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Sikiliza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Kazi yake ni kuziamuru korodani: tengenezeni homoni, tengenezeni mbegu. Inaonja damu muda wote. Ikiona homoni ya kiume imepungua, inatuma amri. Ikiona imejaa, inanyamaza. Sasa wewe umeijaza damu yako homoni ya chupa. Tezi ikaonja, ikasema huko chini wamefanya kazi kupita kiasi, wapumzike. Ikanyamaza. Na korodani zisipopata amri zinalala, zinasinyaa."

"Lakini homoni si inatoka huko huko?"

"Inatoka huko, ndiyo. Huko ndani ya korodani inahitajika nyingi mno kuliko iliyo kwenye damu, na ya sindano haiwezi kuziba pengo hilo. Umenunua maji ya chupa ukafunga kisima."

Akanigeuzia majibu ya damu. "Ingekuwa mionzi imeunguza korodani zako, tezi ingepiga kelele, amri zingekuwa juu sana kwa sababu hakuna anayezitii. Yako haipigi kelele. Iko kimya kabisa."

Nikamuuliza kama itaamka.

"Wengi huamka. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Wengine hawarudi walivyokuwa. Mbegu peke yake, tangu kuanza kutengenezwa, inataka karibu miezi mitatu. Hiyo sindano usiiguse tena. Na jiandae, utachoka, utakuwa na huzuni. Sindano imekwisha na mwili wako haujaanza."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwenye mvua. Beji ilinidanganya, na uongo wa beji haukunigusa hata unywele. Ila niliuogopa, na nilichokifanya kwa kuogopa ndicho kilichonimaliza. Ningekaa tu na hofu yangu, huenda leo mke wangu angekuwa anatapika kwa sababu nyingine.

Jumamosi, 25 Aprili

Nilikwenda kwa Kifua. Benchi lilikuwa limeshatandikwa taulo.

Nilimwambia yote kwa sauti ya juu, mbele ya watu wake. Akacheka. "Madaktari wanawaogopa wanaume wenye nguvu, shemeji." Nikamwambia arudie hivyo mbele ya dada yake. Akaacha kucheka.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Alisema... ukiwa umetumia muda mrefu je?"

Nikatoka. Ningekuwa na jiwe ningemtupia.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemwambia.

Tulikuwa tumekaa kitandani, ndoo katikati yetu inadondokewa. Nikaanza na maabara ya Machi, nikaja kwenye beji, msumari, sindano, daktari. Sikuficha kitu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa akiitazama ndoo.

"Machi," akasema. "Machi ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Majani nilikunywa Aprili."

Nikaivuta ndoo upande wangu.

"Ulinishikia beseni. Nimeinama natapika, wewe umenishika mabega unajua. Nikakwambia kesho nitakizoea, na wewe ukaniambia nipumzike!"

Nilisema niliogopa. Akasema, "Mimi nilifikiri ni mimi. Unajua ninachofikiria nikiwa nasaga vioo vya watu? Nafikiri, nina tumbo bovu na mume wangu ni mpole mno kunifukuza. Ungeniambia huna mbegu, ningelia siku moja. Umeniacha nijichukie masika yote."

Akasimama. "Shangazi yuko sebuleni. Utamwambia wewe. Sasa hivi, na mimi nimekaa."

Nilimwambia shangazi aliyenilea kwamba mwenye kasoro ni mimi. Shangazi aliinuka akaichukua ile chupa ya majani, akafungua mlango, akaimwaga kwenye mvua mpaka tone la mwisho. Akarudi, akamshika mke wangu mkono. "Mwanangu," akasema, na hakuweza kumalizia.

Mke wangu amelala chumba cha shangazi.

Jumamosi, 2 Mei

Hakuna sindano. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 6 Mei

Kazini mpini umekuwa mzito kweli. Dada Mita ameniletea chai bila mzaha wowote. Nimelia chooni sijui nalilia nini.

Jumamosi, 9 Mei

Hakuna sindano. Mke wangu amerudi chumbani. Amesema ni kwa sababu shangazi anakoroma.

Jumamosi, 16 Mei

Kifua amekuja, amelowa chapachapa. Kukaa hakutaka, akabaki amesimama mlangoni ameuziba wote, maji yanamtiririka.

"Shemeji, mimi natumia mwaka wa sita."

Mke wangu akaweka chini alichoshika. Kifua hakumtazama.

"Yule mchumba wangu wa kwanza tuliishi miaka miwili, hakushika mimba. Nilimwambia ana kasoro, nikamrudisha kwao. Sasa ameolewa. Ana mapacha." Akajipangusa uso. "Nilikuwa nakuchoma kwa nia njema. Haki ya Mungu, nilikuwa najichoma kwanza mimi ndipo nikuchome wewe."

Kwa wiki tatu nilikuwa nikimpangia maneno ya kumwambia. Nilipomwona anavyotetemeka, yule mwenye mikono kama mapaja yangu, yakaniishia. Nilimwona mtu aliyeogopa kabla yangu na zaidi yangu. Mke wangu akamtupia taulo.

"Jumatatu mtakwenda hospitali wote wawili," akasema. "Na mimi nitakuwa nyuma yenu."

Jumatano, 20 Mei

Majibu ya Kifua: tezi iko kimya kama yangu, ila kimya chake ni cha miaka. Daktari hakumwahidi kitu. Amefunga ukumbi wiki nzima.

Jumamosi, 30 Mei

Hakuna sindano. Mvua imekuwa ya manyunyu. Shangazi amerudi kwake. Alipoaga alimkumbatia mke wangu kwanza.

Ijumaa, 12 Juni

Leo tumekwenda pamoja, na mke wangu ameingia hadi ndani. Daktari alitazama majibu ya maabara, akatazama ya damu, akarudia. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Mbegu bado," akasema. "Hakuna."

Mke wangu akanishika mkono, vidole vyake vya baridi, vyenye mikwaruzo ya vioo.

"Lakini tezi imeamka. Amri zilikuwa hazipo, sasa zipo. Kichwa kimeanza kuita."

"Na huko chini kutaitika?" mke wangu akauliza. Aliuliza wazi, kama mtu anayeuliza bei.

"Sijui, mama. Nikikwambia najua nitakuwa mwongo. Rudini baada ya miezi mitatu."

Tulitoka tukiwa na mwavuli mmoja, manyunyu mepesi. Tulitembea mpaka kwenye kona ya duka lake la miwani. Hapo nikasimama nikamwambia, "Naogopa."

"Na mimi naogopa," akasema. "Tangu tuoane ndiyo kwanza unaniambia ukiwa bado unaogopa."

Nikamweleza sheria yetu ya kazini, sijui kwa nini hapo na wakati ule. Kwamba mwenye mpini anaita, "Natoa!" na asipoitikiwa hazungushi wala haondoki, anabaki pale pale mkono kwenye mpini, anaita tena.

Akafikiri. "Mnaita mara ngapi?"

"Mpaka aitike."

"Na asipoitika kabisa?"

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Unakwenda kumtafuta."

Akanikabidhi mwavuli, akavuka barabara mbio, akaingia kazini.